Ndala ya Koo

Ninyi madaktari wa intern mnaopigana picha pale getini na makoti mapya, nawaona. Nyumba yangu iko ng'ambo ya barabara. Nakaa nje nachambua mchicha, nawaona mnavyokwenda kununua vitumbua na stethoskopu shingoni, kama muuza vitumbua atazirai muda wowote. Siwacheki. Haya, nawacheka kidogo, lakini kwa upendo, maana na mimi nilipopewa sare yangu ya kwanza niliivaa mpaka kanisani.

Mimi nilikuwa muuguzi wa usingizi. Kazi yangu ilikuwa kumlaza mtu nusu kaputi ili apasuliwe asijue, kisha kumrudisha. Hapa Bariadi wengi wananiita Mama Usingizi, na kuna watoto wakiniona sokoni wanajificha nyuma ya mama zao, sijui wameambiwa nini juu yangu. Watu wanadhani kazi yetu ni usingizi. Usingizi ni dawa tu, unachoma, mtu analala. Kazi yenyewe ni pumzi. Ukishamlaza mtu umemnyang'anya pumzi yake, na ni juu yako kumpumulia mpaka umrudishie. Mtu anayeletwa mapokezi amekata pumzi naye ni hivyohivyo, ila huyo hakuna aliyejiandaa naye.

Kwa hiyo mkubwa wenu aliponiomba niwaandikie chochote kuhusu kazi, nilimwambia nitaandika kuhusu koo. Mengine mtayasoma wenyewe.

Aliyenifundisha alikuwa Bwana Maduhu, mtu mfupi, mkali, asiyependa maneno. Enzi hizo tulikuwa bado tunalaza watu kwa etha, ukirudi nyumbani mume wako anasogea pembeni kwa harufu. Miezi ya mwanzo Maduhu hakunigusisha dawa yoyote. Alinipa taya. Nilisimama kichwani kwa mgonjwa operesheni nzima, mkono wa kushoto umeshika barakoa na taya, mkono wa kulia unakamua mfuko wa hewa, na yeye amekaa kwenye stuli ananitazama. Vidole vitatu chini ya taya, kwenye mfupa. Ukishika nyama laini ya chini ya kidevu unamkaba mtu huku unajiona unamsaidia. Alikuwa akiona vidole vyangu vimeteleza ananipiga kofi dogo la mkono bila kusema kitu. Kidole gumba changu mpaka leo hakikunjiki vizuri, na ninakiheshimu kuliko cheti.

Jambo la pili alilonifundisha ni kufunga pumzi. Ukimwondolea mgonjwa barakoa ili umwekee kitu kingine kooni, na wewe acha kupumua hapohapo. Ukiona kifua chako kinadai hewa, jua na chake kinadai; acha ulichokuwa unafanya, rudisha barakoa, mpe hewa. Hakuna saa ya ukutani inayosema kweli kama hiyo. Nilimcheka moyoni, nikadhani ni mambo ya wazee. Lilikuwa jambo kubwa, na mtaona mbele jinsi nilivyolisahau siku nilipolihitaji.

Na kuna hili la furushi. Huku kwetu mgonjwa akizidiwa, ndugu wanamwekea furushi la kanga chini ya kichwa ili apate kupumzika. Kidevu kinaangukia kifuani, ulimi unarudi nyuma, njia imeziba. Wanaua kwa huruma na hawajui. Litoeni lile furushi, inueni kidevu, lakini mlitoe kwa adabu na mmpe mwenyewe mkononi. Nimewahi kuona daktari akilirusha chini, na yule bibi mwenye kanga hakumsamehe mpaka mgonjwa anaruhusiwa.

Sasa tuje kwenye mpira. Sisi tuliuita mpira, ule mrija unaopita katikati ya nyuzi za sauti ukaingia kwenye bomba la hewa. Kuuingiza lazima ufungue koo kwa kile chuma chenye taa, uone mlango, na mlango wenyewe ni mdogo na uko jirani kabisa na mlango wa chakula. Mara ya kwanza niliyoachiwa niuweke peke yangu niliuweka kwa mbwembwe, nikaufunga na plasta, nikaanza kukamua. Tumbo likapanda. Nikakamua tena, tumbo likapanda zaidi. Bwana Maduhu aliinuka kwenye stuli yake akaniuliza taratibu kama nampumulia mgonjwa au nampumulia ugali wake. Akautoa, akampa hewa kwa barakoa, akanirudishia mpira niuweke upya. Ndivyo nilivyojifunza, na baada ya miaka mingi nikawa hodari kweli, sioni sababu ya kuficha. Niliweka mipira kwa watoto wa siku moja. Niliweka umeme umekatika, mtu ananimulikia kwa simu.

Ndiyo maana ndala ilipoletwa niliidharau.

Ina jina lake la Kiingereza la herufi tatu, mnalijua. Sisi tuliiita ndala kwa sababu ni bomba nene lililopinda, na mwisho wake una kitu laini chenye umbo la soli ya ndala ya mtoto. Huhitaji kuona chochote. Unavuta mate kwanza, unaipaka jeli, unafungua mdomo, unaisukuma ikifuata kaakaa mpaka ikatae kwenda. Ikikataa imefika. Unajaza upepo, inakaa juu ya mlango wa hewa, tundu kwa tundu, unakamua. Jina lilishika hospitali nzima. Siku moja mhudumu mgeni alitumwa mbio stoo akalete ndala namba nne, akarudi anahema na malapa ya chooni, akauliza kwa nidhamu kama namba tano itafaa maana nne hazipo.

Walikuja watu wa mafunzo na doli lao la mpira lenye kichwa na kifua. Wakawapanga madaktari wapya mstari: huyu aweke mpira, huyu aweke ndala, tuone nani anapeleka hewa mapema. Wale wa mpira wakawa wanahangaika, wengine wakapulizia tumbo la doli. Wale wa ndala, hata waliokuwa wameiona asubuhi hiyohiyo, kifua kilikuwa kinapanda wenzao bado wanatafuta mlango. Mimi nilikaa nyuma nimekunja mikono. Nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba doli halina mate, halitapiki, wala halina mume anayelia dirishani. Watu wakacheka. Kulikuwa na ukweli ndani yake, maana ndala haizibi matapishi vizuri kama mpira, hilo mlikumbuke siku zote. Lakini sikulisema kwa sababu ni kweli. Nililisema kwa sababu niliona kitu nilichokisotea miaka kinafanywa na mtoto kwa asubuhi moja, na kiliniuma.

Mmoja wa waliokuwa kwenye mstari wa ndala alikuwa Daktari Minza. Binti wa wakulima wa kule Kimali, Meatu, mwembamba, sauti ndogo mpaka unamwambia arudie. Ndiye daktari pekee niliyemwona akinisalimia kwa kukunja goti akiwa na koti jeupe. Kila asubuhi, "Mwangaluka, mayu," goti linashuka kidogo, na mimi namjibu huku nafurahi, maana nani hapendi kuitwa mama kwa heshima hiyo. Baada ya yale mafunzo nikaanza kumwita Daktari wa Ndala. Alikuwa anacheka. Sikuwahi kumuuliza kama linamchekesha kweli.

Ilikuwa msimu wa kuvuna pamba, saa nne asubuhi. Nimetoka teta, chumba cha upasuaji, kunywa chai, nikaitwa mapokezi mbio. Walikuwa wamemleta mwanamke anaitwa Kabula, mama wa watoto wanne, wamempakia mshikaki kwenye bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, mumewe nyuma amemkumbatia asianguke. Pamba yao ilikuwa imelundikwa chumbani, si mnajua tunavyoishi na pamba ndani mpaka soko lifunguliwe. Panya wanaifuata pamba, nyoka wanawafuata panya. Alitia mkono kwenye lundo aijaze kwenye gunia, akaumwa. Mume alisema swila, dereva akasema koboko, na nyoka mwenyewe hakuletwa. Njiani ulimi ulianza kuwa mzito, kope zikaanguka, mate yakawa yanamtoka kwa sababu hawezi kumeza. Alipofika mlangoni kifua kilikuwa kimesimama.

Sumu ya namna hiyo inalaza misuli. Moyo unapiga, lakini kifua hakina nguvu ya kujivuta. Mtu wa hivyo ukimpumulia mpaka sumu iishe, anapona mzima. Usipompumulia, moyo nao unafuata baada ya dakika chache. Hakuna la katikati. Kabula alikuwa na hewa atakayopewa na mikono yetu, basi.

Nilimkuta Minza kichwani, ameshavuta mate, ameshika taya vizuri kabisa, anakamua mfuko. Kifua kinapanda. Kidude cha kidoleni, kile cha kupima hewa kwenye damu, kinalia kwa sauti nzuri ya juu. Dawa ya sumu ya nyoka imeshatundikwa. Kila kitu kilikuwa sawa, na mimi nikaingia na chuma changu mkononi nikamwambia apishe, nimwekee mama wa watu mpira. Akapisha.

Niwaambie sasa kitu ambacho wakati ule hakuna aliyekijua. Macho yangu yalikuwa yameanza kunidanganya. Kwa mbali naona, kwa karibu ukungu. Nilikuwa nikienda teta, kwenye taa kubwa, kwa mgonjwa niliyejiandaa naye, napita tu kwa mazoea ya mkono. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kabla ya kustaafu, sikutaka mtu aanze kusema Mama Usingizi amezeeka. Kwa hiyo nilinyamaza.

Nikafungua koo. Mate yamejaa tena. Nikavuta, nikaona wekundu wekundu, nikapeleka mpira, ukaenda tumboni. Nikautoa. Nikasema, "Bado kidogo." Nikafungua tena. Minza alikuwa amesimama begani kwangu na barakoa mkononi, akaniita taratibu, "Mayu." Nikasema bado kidogo, nimeuona mlango. Sikuwa nimeuona. Kile kidude kikaanza kushuka sauti, mnaijua ile sauti inavyoshuka, kama mtu anashuka ngazi kwenda shimoni. Muuguzi mmoja akakitazama, akanitazama, akatazama chini. Hapo ndipo penye ugonjwa wetu, wanangu. Chumba kizima kinaona mkubwa anakosea na kila mtu anatafuta pa kuangalia. Nikasema kwa mara ya tatu bado kidogo. Nilikuwa ninapumua kwa nguvu, nahema, nimeshavuta pumzi sijui ngapi. Yeye hakuwa amevuta hata moja.

Minza akaja mbele yangu. Goti lake likashuka, vilevile kama asubuhi anaponisalimia. Akauweka mkono wake juu ya mkono wangu wenye chuma, akaushusha.

"Mayu, basi."

Sikuwahi kusikia sauti ile kwake. Haikuwa kubwa, lakini haikuwa na swali. Nikatoka pale kichwani kwa mgonjwa bila kujua nimetokaje. Akampa hewa kidogo kwa barakoa, akavuta mate, akachukua ndala iliyokuwa imeshapakwa jeli, yaani alikuwa ameiandaa muda wote akinisubiri, akaisukuma ikafuata kaakaa, ikakataa. Akajaza upepo, akaunganisha mfuko, akakamua. Kifua cha Kabula kikapanda. Kikapanda pande zote mbili, kizuri, kimejaa. Sauti ya kidude ikaanza kupanda ngazi. Tangu aliposema basi mpaka kifua kinapanda, ungekuwa umefunga pumzi wala usingejisikia vibaya.

Nitawaambia nilivyojisikia, maana nimeahidi nafsi yangu nisiwadanganye. Kwanza hasira. Nilitaka kumzaba. Kisha nikaona aibu, nikatamani ile sakafu inifiche. Halafu nikamtazama yule binti, jasho linamtiririka, anahesabu kwa midomo kila anapokamua, macho yote yapo kifuani kwa mgonjwa wala hanitazami mimi kuona kama nimekasirika, na nikamheshimu kuliko nilivyowahi kumheshimu mtu yeyote mwenye koti jeupe. Bwana Maduhu angeshuka kwenye stuli yake ampishe.

Ilibidi Kabula apelekwe Mwanza kwenye mashine ya kupumulia. Gari la wagonjwa likatoka, na Minza akaniomba twende wote tupokezane kukamua. Ningeweza kukataa, hakunitania wala kunilazimisha. Tulikamua kwa zamu mkono mpaka mkono. Tulipofika Lamadi, malori yamejaa barabarani na harufu ya samaki inaingia dirishani, tukawa tumesimama kidogo, nikamwambia nisamehe. Akasema alifikiri nitampiga. Nikamwambia na mimi nilifikiri hivyohivyo. Tukacheka wote wawili, na kicheko kikanigeuka nikalia, huku nakamua. Ndipo nikamweleza habari ya macho yangu. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa.

Kule Mwanza bingwa alibadilisha ndala akaweka mpira, kwa taa nzuri, kwa utulivu, na mgonjwa ana hewa ya kutosha. Ndivyo inavyotakiwa. Mpira una heshima yake na mkono wake. Lakini ninyi mliomaliza chuo juzi, mtu akiletwa amekata pumzi, msishindane na mlango msiouona. Anzeni na taya. Barakoa ikipeleka hewa, mmeshaokoa. Mkihitaji kitu cha kukaa, wekeni ndala, tazameni kifua. Na aliyesimama pembeni akiona sauti inashuka, aseme. Akunje goti akitaka, lakini aseme.

Baada ya wiki kadhaa Kabula alikuja mwenyewe kwa miguu yake, mkono umefungwa bandeji, na mumewe amebeba jogoo. Tulikuwa wodini mimi na Minza. Hakuwa anatujua kwa sura, maana siku ile kope zilikuwa zimeanguka. Nikamsalimia, akashtuka, akaniambia sauti hii anaijua.

Sisi tulizungumza juu yake siku ile kana kwamba ni gogo. Hatukukumbuka kwamba sumu ile inalaza misuli, haizibi masikio. Kabula alikuwa anasikia kila kitu.

Nikaona siku yangu ya kulipa imefika. Nikamwambia ni kweli, mimi ndiye niliyekuwa nasema bado kidogo, na nikaanza kumwomba radhi. Akanishangaa. Alisema yale maneno ndiyo yaliyomshika. Alikuwa gizani, kifua kinawaka, hawezi kuinua hata kidole, na kila aliposikia bado kidogo alijua bado kuna watu wanamhangaikia.

"Halafu mwingine akasema basi," akatuambia. "Nikajua mmeniacha. Nikaanza kuwaaga watoto wangu, mmojammoja, kwa majina. Nilikuwa nimefika kwa wa tatu, hewa ikaingia."

Minza alikuwa amesimama nyuma yangu na faili. Aliliweka faili kitandani, akapiga magoti yote mawili mbele ya mgonjwa wake, na Kabula, ambaye alikuwa hajui hata anaombwa radhi ya nini, akamshika bega kwa ule mkono wake mzima akamwinua.

Tangu siku hiyo Minza hamgusi mtu koo bila kumwambia. Awe anasikia, asiwe anasikia. Wenzake walimcheka mwanzoni, wakazoea, wengine wakamwiga. Wiki yangu ya mwisho kazini aliletwa mzee mmoja aliyeanguka njiani, moyo umesimama, na kila mtu aliyemtazama alijua hatarudi. Minza alipanda stuli kidogo kichwani kwake, akainama sikioni. Alimwambia yeye ni nani, kwamba anamwekea kitu mdomoni, kwamba hewa inakuja na hajamwacha. Tulihangaika naye kwa zamu, mimi nikikandamiza kifua, mpaka daktari mkubwa akatazama saa, akatuambia tuache. Watu wakaanza kuvua glavu. Minza akabaki palepale, ameshika ile ndala, akainama tena kwenye lile sikio, akamwambia kwa sauti ileile, "Baba, sasa naitoa."